Treni ya Mwanza: saa zinaliwa wapi, na nini kifanyike kabla SGR haijafika

Ukikaa stesheni ya Mwanza siku ya treni, ni nadra kumsikia mtu akiuliza itafika saa ngapi. Watu wanauliza, "Imefika wapi?" Mama aliyekuja kumpokea mgeni anamgeukia kijana aliyeshika simu: "Mwanangu, imefika wapi?" "Wanasema imeshatoka Malampaka, mama." Basi. Waliozoea safari hizi wanajua kwamba kutoka Malampaka bado kuna muda wa kwenda kunywa chai na kurudi bila haraka.

Lawama ya kwanza huwa ni kwamba treni yenyewe ni ya polepole, na kwamba dawa yake ni SGR, reli mpya ya umeme inayojengwa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Lakini piga hesabu kidogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa reli ya zamani ni kilomita 1,200 na ushee. Treni ikienda kilomita 50 kwa saa bila kusimama, mwendo ambao si wa kujivunia popote duniani, ingemaliza safari kwa saa 24 au 25. Ratiba ya safari hii kwa miaka mingi imekuwa ya zaidi ya saa 30, na siku mambo yakiharibika hata hizo hazitoshi. Kwa hiyo kuna saa nyingi ambazo hazipotei kwa sababu kichwa cha treni hakina nguvu. Zinapotea treni ikiwa imesimama, au inatambaa kwenye kipande kifupi, au inangoja treni nyingine ambayo nayo inangoja nyingine. Anayetaka kuelewa kero hii, na hasa anayetaka kuipunguza, aanze na saa hizo.

Mwanza ni tawi

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Macho yao yalikuwa kwenye Ziwa Tanganyika. Mwanza wakati huo ilikuwa ikitazama upande mwingine kabisa: reli ya kutoka Mombasa ilishafika Kisumu tangu Desemba 1901, hivyo mzigo wa Mwanza ulipakiwa kwenye meli, ukavuka ziwa, ukapanda treni Kisumu na kushuka baharini Mombasa. Waingereza ndio walioivuta reli kutoka Tabora hadi huku, ikafika 1928, na walichokifuata kilikuwa pamba ya Usukuma.

Historia hii si pambo. Inaeleza kwa nini mpaka leo shina la reli linakwenda Kigoma na Mwanza ni tawi linalochepuka Tabora. Abiria wa Mwanza na abiria wa Kigoma hupanda treni moja Dar na kuachana Tabora, na kuachana huko ndiko kunakokula muda kuliko watu wanavyodhani.

Usiku wa Tabora

Treni inaingia Tabora ikiwa moja na inatoka ikiwa zaidi ya moja. Mabehewa ya Kigoma yanakatwa na kupelekwa huku, ya Mwanza kule, na siku nyingine kuna ya Mpanda pia. Aliyelala husikia kishindo cha vyuma, behewa linarudi nyuma hatua chache, linakwenda mbele, halafu kimya. Ukichungulia dirishani unakuta hamko tena kwenye jukwaa. Behewa lenu limeachwa njia ya pembeni, halina kichwa mbele wala nyuma. Wauza asali wanapita na tochi. Mtu wa kitanda cha chini anauliza kama tumefika, wa juu anamjibu, "Bado tupo Tabora, mzee, lala." Baada ya muda mrefu anauliza tena na jibu ni lilelile.

Kinachongojwa mara nyingi ni kichwa. Kichwa cha kuwapeleka Mwanza huenda ndicho kinachorudi na abiria kutoka Mwanza, na kama kule kimechelewa, hata huku hakuna kuondoka. Safari ya kurudi ni mbaya zaidi. Treni ya kutoka Mwanza na ile ya kutoka Kigoma zinakutana Tabora ili ziungwe kuwa moja kwenda Dar. Ya Mwanza ikipata tatizo Shinyanga, mtu aliyepanda Kigoma, ambaye hajawahi kuiona Shinyanga maishani mwake, anakaa Tabora kuilipia. Tatizo la tawi moja linahamia tawi jingine, kisha yote mawili yanashuka nalo hadi Dodoma na Dar. Ukiunganisha safari tatu kwenye kamba moja, iliyochelewa kuliko zote ndiyo inayoamua saa ya wenzake.

Njia moja, treni mbili

Kutoka Tabora hadi Mwanza ni karibu kilomita 380, na karibu zote ni za njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupita mpaka moja iingie pembeni kwenye stesheni yenye njia ya kupishania, kama malori mawili kwenye daraja jembamba: mmoja lazima angoje ng'ambo. Sheria ni moja na haina mjadala. Treni haiondoki stesheni mpaka stesheni masta wa mbele athibitishe kwamba kipande kati yao ni kitupu. Ni sheria nzuri, inaokoa maisha. Gharama yake ni muda.

Tuseme stesheni mbili zimeachana kilomita 20. Treni ya mizigo inakwenda kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo inakitumia kipande hicho dakika 40. Weka dakika 10 za kupeana ruhusa na kupanga njia; jumla 50. Sasa treni ya abiria imechelewa nusu saa kufika mahali pa kupishana. Stesheni masta ana mambo mawili ya kuchagua, yote mabaya. Akiishikilia ya mizigo, anaharibu ratiba yake na ya zile zilizo nyuma yake. Akiiachia iingie, treni ya abiria ikitokea dakika chache baadaye itakaa hapo karibu dakika 50. Nusu saa imeshakuwa saa moja na dakika 20, na hakuna chochote kilichovunjika. Stesheni inayofuata ilikuwa imepanga kupishanisha treni hii na nyingine saa fulani. Saa hiyo imepita, basi mazungumzo yanaanza upya. Kufika Mwanza, dereva hana kosa, kichwa hakina kosa, na wewe umekosa miadi yako.

Ndiyo maana anayesema "waongeze treni ziwe nyingi" anapaswa kwenda taratibu. Kwenye njia moja, kila treni unayoongeza inakula muda wa zilizopo, usipoongeza sehemu za kupishania au usipozirefusha zilizopo ili treni ndefu za mizigo zienee. Njia ya pembeni ya mita mia chache kwenye stesheni iliyo porini haina sherehe ya uzinduzi wala utepe wa kukata, lakini inaweza kurudisha muda mwingi kuliko behewa jipya lenye viti vya kupendeza.

Mbuga na madaraja

Kitu cha pili kinachokula muda ni vipande vya kutambaa. Mtu wa Shinyanga au Maswa hahitaji kuelezwa udongo wa mbuga: ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Nyumba zinapasukia juu yake, sembuse reli. Tuta linapanda na kushuka, reli inapinda, mataruma yanalegea, na mkaguzi wa njia anafanya analotakiwa kufanya: anaweka amri ya kupunguza mwendo.

Amri hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana. Chukua kipande kibovu cha mita 500, mwendo unaoruhusiwa kilomita 10 kwa saa, na treni yenye urefu wa mita 400. Treni haiwezi kuongeza mwendo mpaka behewa la mwisho litoke, kwa hiyo inatambaa mita 900. Hiyo ni dakika tano na nusu hivi, mahali ambapo kwa mwendo wa kawaida ingepita kwa dakika moja. Ongeza muda wa kupunguza na wa kupandisha tena mwendo. Vipande kumi vya namna hiyo kati ya Isaka na Mwanza vinakula zaidi ya saa nzima, ingawa ukivijumlisha urefu wake ni kilomita tano tu. Fundi anayetengeneza kilomita tano zilizochaguliwa vizuri anafanya kazi kubwa kuliko anayebadilisha reli nyingi mahali ambapo treni ilikuwa inapita salama.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wana haki ya kulisemea. Mradi mkubwa wa kukarabati reli ya zamani uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulihusu Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Isaka ndiko kuna bandari kavu, ndiko mzigo wa Rwanda na Burundi unakopandishwa malori, kwa hiyo kibiashara uamuzi ulieleweka. Kipande cha Isaka hadi Mwanza kilibaki nje ya mradi. Safari inayoanza Mwanza inaanza kwenye sehemu dhaifu.

Mashariki ya Dodoma kuna adui mwingine, na huyo hana uhusiano na mbuga. Kati ya Gulwe na Kilosa reli inafuata bonde la mto Mkondoa, na mto ukifurika unaondoka na tuta. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata njia kabisa. Hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho. Mtu wa Mwanza anaweza kusikia kwamba treni yake imesitishwa kwa sababu ya mvua iliyonyesha zaidi ya kilomita 800 kutoka kwake.

Nani analipia?

Sehemu hii haipendezi, lakini tusiiruke. Treni ya abiria ya masafa marefu, kwa nauli ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuilipa, ni vigumu kuleta faida. Kinacholisha reli ni mizigo. Vichwa vikiwa vichache, kila asubuhi kuna mtu lazima aamue kichwa kimoja kivute nini: mafuta na saruji zinazolipa, au abiria wanaolalamika. Hakuna haja ya kumtafuta mwovu. Upungufu ndio unaoamua.

Majina yamebadilika mara kadhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 likaundwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 likakodishwa kwa kampuni ya RITES ya India iliyochukua asilimia 51 ya hisa, Serikali ikabaki na 49, likaitwa TRL. Ndoa hiyo ilivunjika baada ya miaka michache. Sheria ya Reli ya 2017 ikarudisha TRC tunayoijua sasa. Kila jina lilirithi reli ileile na foleni ileile ya vichwa.

Wakati huohuo basi limezidi kujiimarisha. Zamani treni ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeweza kuipokonya: ilitembea wewe umelala. Mabasi yalikatazwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, hivyo safari ya Mwanza kwenda Dar ililazimika kulala njiani. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa saa 24. Sasa unaingia stendi ya Nyegezi, unakaa kwenye kiti, na saa nyingi kabla ya treni kufika uko Dar. Treni imebaki na mambo mawili: kitanda cha kunyoosha mgongo na nafasi ya mzigo. Si madogo, hasa kwa mama anayesafiri na watoto watatu na gunia la mchele. Ila hayatoshi kumvumilisha mtu asiyejua atafika lini.

Pengo la kilomita 424

Sasa SGR. Watu wengi wanaiona kama kitu kimoja kinachosogea kutoka Dar kuja Mwanza, kwa hiyo wanauliza "imefika wapi" kama wanavyouliza treni. Haisogei hivyo. Imegawanywa vipande vyenye mikataba tofauti, na mpangilio wa mikataba hiyo ndio unaochanganya.

Dar hadi Morogoro na Morogoro hadi Makutupora ndivyo vipande vya mwanzo. (Makutupora hii ni ya Manyoni, si ile ya Dodoma, ukiichanganya hesabu zako zote zinaharibika.) Abiria walianza kusafiri Dar–Morogoro Juni 2024, na Dar–Dodoma Julai mwaka huohuo. Upande wetu, mkataba wa Mwanza–Isaka, kilomita 249 za njia kuu, ulisainiwa Januari 2021, kabla ya vile vya katikati. Makutupora–Tabora, kilomita 294, ukafuata Desemba 2021, na Tabora–Isaka, kilomita 130, Julai 2022. Matokeo yake ni kwamba miisho miwili iko mbele na katikati kuko nyuma. Kipande cha Mwanza–Isaka kimeshavuka asilimia 60 ya ujenzi. Vile viwili vya katikati viko mbali sana na hapo. Jumlisha vya katikati: kilomita 424.

Kwa nini hilo ni tatizo, si ni suala la kungoja? Kwa sababu reli mbili hizi hazichangii magurudumu. Ya zamani ina upana wa mita moja, mpya milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupanda nyingine. Kipande cha Mwanza–Isaka kikikamilika peke yake, kitakuwa kisiwa: treni za umeme zitapaswa kuletwa kwa barabara, zitengewe karakana yake, na mtu anayekwenda Dar akishuka Isaka atahamia treni ya zamani ileile aliyoikimbia. Kwa mtu wa Malampaka anayekuja Mwanza kuuza mchele na kurudi jioni, kisiwa hicho kingekuwa neema, na ningependa kukiona kikifanya kazi hata kwa vichwa vya dizeli kwa kuanzia. Kwa safari ya Dar hakisaidii kitu.

Kama ningeulizwa kipande kipi cha katikati kipewe msukumo kwanza, ningesema Tabora–Isaka. Ni kifupi, na kikikamilika pamoja na chetu, tawi lote la Mwanza linajitegemea. Kubadilisha treni kunahamia Tabora, mjini, penye nyumba za wageni na hospitali, na ule mchezo wa kukata mabehewa usiku wa manane unaisha kwa upande wetu.

Treni iishie Dodoma

Hayo ni ya baadaye. La sasa, ambalo sielewi kwa nini halizungumzwi zaidi, ni hili: treni ya Mwanza ya reli ya zamani isiende Dar. Iishie Dodoma, ikabidhi abiria wake kwa SGR.

Fikiria. Dodoma hadi Dar kwa reli ya zamani ni zaidi ya kilomita 450, na ndani yake kuna bonde lote la Mkondoa. SGR inakwenda Dodoma–Dar kwa chini ya saa nne. Upande wa Mwanza hadi Dodoma unabaki na kilomita 760 hivi. Ipe treni saa 20, ambazo si nyingi wala chache. Ikitoka Mwanza saa 10 jioni, inafika Dodoma saa 6 mchana. Weka saa mbili za akiba kwa ajili ya yale mambo ya kupishana, panda SGR ya saa 8, na saa 12 jioni uko Dar. Saa 26, na kuna kitanda. Bado basi linashinda kwa mwendo, lakini pengo limepungua hadi mahali ambapo mtu anaweza kuchagua kitanda kwa hiari.

Jambo hili si geni kabisa. Baada ya mafuriko yale ya 2010, treni za bara ziliwahi kuanzia Dodoma, abiria wakifikishwa hapo kwa mabasi kutoka Dar. Wakati ule ilikuwa shida iliyolazimisha. Sasa kuna reli ya umeme inayongojea.

Kuna pingamizi tatu za kweli. Ya kwanza ni bei: aliyezoea nauli ya daraja la tatu hawezi kuongezewa tiketi kamili ya SGR, ambayo Dodoma–Dar ilianza kwa shilingi 31,000 daraja la kawaida. Lazima iwe tiketi moja yenye punguzo, la sivyo tutakuwa tumemfukuza maskini kwenye treni yake. Ya pili ni mzigo. SGR ina masharti ya mizigo ambayo magunia ya dagaa wa soko la Mwaloni hayawezi kuyatimiza, na sitamlaumu msimamizi wa behewa jipya akikataa harufu ile. Behewa la mizigo midogo liendelee na treni za mizigo za reli ya zamani, mzigo ufike siku ya pili, na mwenye mzigo apewe risiti na ujumbe wa simu. Ya tatu ni watu wa Gulwe, Godegode, Kidete na Kilosa, ambao treni ndefu ya bara ndiyo usafiri wao. Hao wapewe treni yao fupi ya Dodoma–Morogoro, ambayo haitangoja mtu wa Kigoma.

Stesheni mbili za Dodoma, ya zamani na ya SGR, haziko jengo moja. Basi la kuhamisha abiria linahitajika, na linatakiwa lingoje treni, si treni ingoje basi.

Meli na treni hazijuani

Mwanza ni bandari. Meli ya Bukoba huondoka usiku na kufika asubuhi; anayetoka Shinyanga au Tabora kwenda Bukoba kwa treni angetakiwa kushuka treni jioni, kutembea na mzigo wake, na kupanda meli. Ratiba zikiandikwa na watu wasiokaa meza moja, msafiri anafika asubuhi na kushinda kutwa nzima mjini na mabegi, au anafika jioni meli ikiwa imepumzika hadi keshokutwa. Gharama ya kurekebisha hili ni kikao.

Kwa mizigo uhusiano ulikuwepo, na ulikuwa wa akili. MV Umoja, iliyojengwa miaka ya 1960, inabeba mabehewa 22 kamili na kuyavusha kutoka Mwanza Kusini hadi Port Bell ya Uganda na Kisumu ya Kenya, yakashuka upande wa pili na kuendelea kwenye reli. Inawezekana tu kwa sababu reli ya zamani ya Tanzania, Kenya na Uganda ina upana mmoja. Wale wanaosema SGR ikifika reli ya zamani ing'olewe wakauze chuma chakavu waikumbuke meli hii kwanza.

Habari ipo, haifiki

Nimeacha kwa makusudi jambo lisilohitaji kokoto wala chuma. Rudi kwenye sheria ya njia moja: treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele ikubali. Maana yake kila dakika ya safari kuna mfanyakazi wa reli anayejua treni iko kati ya stesheni ipi na ipi. Hakuna siri, hakuna setilaiti inayohitajika. Habari hiyo iko kwenye chumba cha udhibiti, na haivuki ukuta kumfikia mama aliyekaa kwenye benchi. Abiria anachokichukia zaidi ya kuchelewa ni kutojua kama aende nyumbani alale au asiondoke.

Ujumbe mfupi unaofika hata kwenye simu ya kitochi ungetosha. Namba ya simu imeshaandikwa wakati wa kukata tiketi. Treni ikitoka Tabora, wenye tiketi za Shinyanga wapelekewe saa mpya. Ikitoka Isaka, wapelekewe wa Mwanza. Mwenye bodaboda, mwenye gesti na mama lishe wa stesheni nao wangepanga siku yao.

Kwa abiria wa sasa, anayetaka kulalamika ana pa kupeleka. LATRA ndiyo mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ikiwa ni pamoja na reli, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji, LATRA CCC, lililowekwa kwa ajili ya malalamiko kama haya. Malalamiko ya "treni inachelewa sana" hayampeleki mtu popote. Tunza tiketi, na uandike saa treni ilipoingia Tabora na saa ilipotoka. Tofauti ya namba hizo mbili si rahisi kuisingizia mvua, udongo wa mbuga wala mto Mkondoa, maana muda wote huo treni ilikuwa imesimama stesheni.